Fundi Cherehani na Mbio za Kusaidia Watu

Jumatatu, 6 Mei

Nimeingizwa mkenge na mke wangu mwenyewe! Daktari alisema presha imepanda, nipunguze tumbo. Basi. Hakusema nijitolee. Hilo kaliongeza mama watoto njiani tukirudi, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi mezani. Mdogo wake wa kiume ana kikundi. Namwita Komandoo, kwa sababu huvaa filimbi shingoni hata msibani. Kila jioni wanakimbia mpaka mahali penye shida, wanafanya kazi bure, kisha wanakimbia kurudi makwao. Bure! Mimi nashona suruali za watu kutwa nzima. Nani aliwahi kunikimbilia mimi?

Nikaenda. Kazi ya leo ilikuwa kuhamisha kokoto kwenye uwanja wa zahanati. Nilifika wa mwisho. Mwalimu Mkuu mstaafu, mwanamke mwenye wajukuu, alinipita mara mbili, maana alirudi kutazama kama nimeanguka. Nilipotokea getini, kokoto zilikuwa zimeshahamishwa na watu wananawa mikono. Komandoo akanipigia makofi mbele ya wote: "Umejitahidi, shemeji!"

Umejitahidi! Hilo ni neno la kumwambia mtoto aliyepata sufuri lakini kaandika jina lake vizuri.

Jumanne, 7 Mei

Miguu si yangu. Nimeshindwa hata kukanyaga cherehani. Mteja kaja kuchukua suruali, kakuta mguu mmoja.

Kikundi kimepumzika leo, ila Komandoo kapita nyumbani kutangaza kwamba Jumamosi watachagua msaidizi wake. Nikasema huenda nikagombea. Mama watoto akacheka. Akaweka sahani chini ili acheke vizuri. Halafu, akijifuta macho, akasema samahani mume wangu, nilikuwa nawaza jambo jingine. Jambo gani? Hakuna jambo!

Basi nimeapa. Nitakuwa msaidizi. Nikishakaa hapo, nampindua Komandoo na filimbi yake. Akili ni nywele, na mimi ninazo mpaka masikioni. Kesho wanarudi zahanati kulima bustani. Wao watazunguka barabara kubwa. Mimi nitakatiza nyuma ya kiwanda cha mbao na kuwasubiri palepale, nimelowa jasho, nahema kama bingwa.

Jumatano, 8 Mei

Nina hasira hata kalamu inachana karatasi.

Njia ya mkato ilikuwa safi. Nilifika kabla ya wote. Tatizo likawa jasho: sikuwa nalo hata tone. Nyuma ya zahanati nikaona ndoo ya maji. Nikajimwagia kichwani mpaka kifuani. Kumbe mfanyakazi wa usafi alikuwa ameitayarisha kwa kudekia! Na dawa alishatia!

Wakaja. Nikawapokea kwa kuhema. Mwanzoni walistaajabu, nikaonja utamu wa heshima kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha Komandoo akanusa. Akasogea, akanusa tena. Akauliza mbele ya umati, kwa upole wa kishetani, kwa nini jasho la shemeji yake linanukia dawa ya choo. Yule mfanyakazi wa usafi naye akatoka nje, anaulizia ndoo yake.

Walicheka wakiwa wameshika majembe. Mwalimu Mkuu peke yake hakucheka. Alinipa leso. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mama watoto kasema hasira ni hasara. Nimemjibu kwamba hasara ni kuoa kwenye ukoo wenye wakimbiaji.

Alhamisi, 9 Mei

Kisasi cha Komandoo. Kanipa mzee wa kumhudumia peke yangu: nikimbie mpaka kwake, nimsaidie, nikimbie kurudi. Na kanipa nani? Bibi Nesi! Mkunga mstaafu, anaishi peke yake juu kabisa mlimani, na ulimi wake ni wembe. Wote waliotumwa kwake waliomba wabadilishiwe.

Lakini nikafikiri: peke yangu! Hakuna shahidi! Nikapanda taratibu, nikinunua karanga njiani. Kwenye kona ya mwisho tu nikachomoka mbio, ili nifike nahema.

Alikuwa dirishani. Kabla sijamaliza shikamoo akasema, "Marahaba. Nimekuona tangu kwenye nguzo ya umeme. Futa maganda ya karanga mdomoni."

Akataka kabati lake lihamishiwe ukuta wa pili. Nikalisukuma. Halikutikisika. Nikasukuma tena, nikaona nyota. Akanishika mkono, akanikalisha kitini kwa nguvu za ajabu, akabonyeza kifundo cha mkono wangu huku akitazama saa ya ukutani. Akasema moyo wangu unagonga kama mgeni asiyefunguliwa mlango, na nisithubutu kuinuka.

Nikakaa. Ningefanya nini? Akaanza kulikosoa shati langu. Eti kola imeshonwa na mlevi. Nimeishona mwenyewe! Tukagombana juu ya kola, tukahamia kwenye vifungo, tukaingia kwenye bei za vitambaa, mpaka jua likazama. Mwanamke mshari kupindukia. Kabati liko palepale.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Kesho kwenye uchaguzi nitahitaji mtu wa kunisifu. Nimemshonea Bibi Nesi gauni. Hongo? Hapana. Ukarimu wenye malengo.

Akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema pindo limepinda. Halikupinda! Nikapiga magoti sakafuni na pini mdomoni, nikapima. Limepinda. Nikalifumua na kulishona upya kwa mkono, huku yeye kanisimamia kama hakimu, anasimulia watoto wote aliowazalisha mtaani. Ndipo ikatoka dhahabu: Komandoo! Alizaliwa akitanguliza matako, akagoma kutoka, na alipotoka akamkojolea daktari. Nilicheka mpaka nikameza pini. Au nilidhani nimemeza. Bibi akanipigapiga mgongoni, kumbe pini ilikuwa kwenye zulia. Tukacheka tena.

Nikasahau kuondoka. Nikasahau kabati. Ila mlangoni nikakumbuka kumwomba aje kesho aseme neno zuri juu yangu. Akasema atasema kweli. Vizuri sana. Kweli ndiyo niliyoilipia gauni.

Jumamosi, 11 Mei

Usaliti!

Tulikutana kwenye uwanja wa zahanati. Mama watoto alikuja, kavaa vizuri. Bibi Nesi akateremka mlimani taratibu, kashikwa mkono na Mwalimu Mkuu, gauni langu mwilini. Mimi tayari nilikuwa nimesimama kimsaidizi.

Akasema kikundi hiki ni cha watu wema. Wanakuja mbio, wanafagia mbio, wanaondoka mbio. "Nyuso zenu sizijui," akasema. "Migongo yenu naijua." Kisha akaninyooshea kidole. "Huyu alikuja akitembea. Akakaa. Tangu mume wangu afariki, hakuna aliyekaa kwenye kile kiti mpaka jua likazama. Kabati sikuwa na haja nalo. Nilitaka mtu wa kugombana naye."

Komandoo akainamisha kichwa, akaivua filimbi yake. Mama watoto akafuta machozi, na safari hii hakuwa anacheka.

Alikuja akitembea! Mbele ya kadamnasi! Kampeni yangu yote ilikuwa mbio! Damu ikanichemka. Nikaruka mbele, nikatangaza kwamba kama ni kweli tunataka, basi kweli ni kwamba Komandoo alizaliwa akitanguliza matako na akamkojolea daktari.

Hakuna aliyecheka. Wakamchagua Mwalimu Mkuu kwa sauti moja.

Jumapili, 12 Mei

Mama watoto haongei nami. Eti nimemdhalilisha ndugu yake siku aliyokuwa karibu kuniomba radhi. Chai nimepewa bila neno.

Mchana akashindwa kuvumilia. Akaniuliza kama kweli sikusikia alichosema yule bibi jana. Nimesikia! Neno kwa neno! Kasema nilitembea! Akashika kichwa chake, akaenda kukaa uani.

Na Komandoo kapita, adui mkubwa huyo, kanipa mkono. Kasema kikundi kizima sasa kitaanza kukaa na wazee badala ya kukimbilia kuondoka, na yote ni kwa ajili yangu. Sasa wananiibia hata uvivu wangu! Nimekataa mkono wake.

Kaleta pia salamu za Bibi Nesi: anauliza kesho nitafika saa ngapi. Nitafika! Nimeshashona suti ya michezo yenye mistari mitatu ubavuni, mtu aone kasi hata nikiwa nimesimama. Nitaketi kwenye kile kiti mpaka afute kauli yake, aseme kwa kinywa chake kwamba nilikimbia. Akikataa, narudi Jumanne. Akikataa tena, Jumatano. Hata ikibidi kila siku mwaka mzima, atanikoma!