Malalamiko Kuhusu Nyayo Zangu Zilizomo Sakafuni mwa Kanisa

Huku mlimani,
16 Agosti 1969

Kwa Ndugu Ernest,
Mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi wa Kanisa,
Same Mjini.

Ndugu Mwenyekiti (na shemeji yangu),

Nakusalimu katika jina la Bwana. Je, kifua kimepona, au vumbi la huko bado linakusumbua? Huku tu wazima, mahindi tumekwisha kupukuchua, na mama yako mzazi anakula vizuri. Ila tangu kanisa liwekwe sakafu ya saruji, naye macho yamemwishia, haji ibadani. Anasema ile ya udongo miguu yake ilijua kila bonde lake, lakini hii mpya ni kama maji, haimwambii yuko wapi. Nikamwambia, mama, nitakushika mkono. Akasema yeye si mbuzi wa kuvutwa kamba. Unamjua.

Sasa malalamiko. Haya namwandikia Mwenyekiti, si shemeji, kwa hiyo usicheke.

Namshitaki Mzee Isihaka, fundi uliyetuletea kutoka maghala ya mkonge kule Makanya, kwa kuharibu sakafu ya kanisa akitumia miguu yangu.

1. Siku ya msaragambo, kijiji kizima kilipotoka kufanya kazi, sisi akina mama tulibeba mchanga na maji. Tulipomaliza, fundi alitutoa nje akabaki kupiga niru, ule uji wa saruji unaoifanya sakafu ing'ae. Mimi nikafuata ndoo yangu kwa kupitia mlango mdogo wa upande wa mlimani. Nikamwona mzee mzima, mwenye mvi, amepiga magoti pale linapokaa benchi la tatu la akina mama. Shemeji, mimi nimelelewa. Mzee hapigiwi shikamoo kutoka mlangoni kama mtu anayefukuza ngedere shambani. Unamfuata, unainama, unampa mkono. Nikamfuata.

2. Alinikaribisha mwenyewe. Aliinua mwiko akaupunga kwa nguvu. Leo anadai alikuwa ananizuia. Mtu anayezuia husema "simama". Yeye alifungua mdomo tu. Ni kweli nilisikia miguu inazama kidogo, lakini nikadhani ndivyo zilivyo sakafu za kisasa.

3. Hakunikatiza. Nilimpa mkono, nikamuuliza habari za kwao Kigoma, za mkewe, za watoto mmoja mmoja, za mihogo, na kama mvua ilinyesha. Alijibu zote, huku akitazama nyuma yangu kwa huzuni. Nikadhani amekumbuka nyumbani, nikamwombea sala fupi. Haikuwa fupi sana. Tulipofika amina, niru ilikuwa imeshika na saruji ya kuzibia imekwisha. Naiuliza Kamati: mwenye kosa ni aliyesalimia au aliyeendelea kuitikia?

4. Tangu hapo sina amani. Nyayo zinaanzia mlango mdogo, zinapita mbele ya madhabahu, zinaishia benchi la tatu, na kile kidole changu gumba kilichojitenga na wenzake kinaonekana wazi. Watoto wanapimia miguu yao humo. Melkizedeki wa kwaya amepaita Barabara Kuu ya Dorkas. Jumapili iliyopita aliniuliza mbele ya watu, "Mama, basi la Same linapita hapa saa ngapi?" Nami nimeshika sahani ya sadaka.

5. Hili ndilo zito. Azimio linatufundisha kwamba mali ya wote isishikwe na mtu mmoja. Mchanga tulibeba wote, maji tulibeba wote. Iweje nyayo ziwe zangu peke yangu? Nimemilikishwa sakafu ya kanisa bila kuomba. Kesho nitaitwa bepari, shemeji, mimi ninayeazima jembe.

Kwa hiyo naomba hivi. Saruji uliyoipatia kibali ikifika, fundi achonge pale na kupiga niru upya, kabla mgeni wetu wa Jimbo hajaja kuliweka kanisa wakfu. Kamati ikiona vigumu, basi sakafu yote ivunjwe, imwagwe nyingine, na ikiwa bado mbichi washarika wote wapite juu yake. Kwaya itangulie, na Melkizedeki apite mara mbili. Aidha Mzee Isihaka aagizwe kwamba akiwa kazini asiwe mzee.

Nisalimie mkeo, watoto, na majirani wote wa hapo kwako. Huku wote wanakusalimu, hata mshitakiwa, ambaye nimetoka kumpelekea uji sasa hivi.

Wako katika Bwana na katika ujenzi wa Taifa,
Dorkas, mke wa mdogo wako

N.B. Barua nilikwisha kuifunga jana. Nimeifungua tena leo Jumapili, baada ya ibada.

Tulikuwa katikati ya wimbo wa kwanza, mlango mdogo ukafunguka. Mama yako, peke yake, na fimbo yake. Kumbe wale watoto walimsimulia. Akavua viatu. Mguu ukapapasa, ukaingia kwenye unyayo wangu wa kwanza, kisha wa pili. Kwaya ikakatika, hata Melkizedeki mwenyewe. Mama akapita mbele ya madhabahu bila kushikwa na mtu, akafika benchi la tatu, akakaa mahali pake pa siku zote. Halafu akauliza, "Mbona mmenyamaza? Imbeni."

Saruji imefika jana jioni, na Mzee Isihaka anataka kuanza kuchonga Jumatano. Nimemwambia aache, anasema yeye anasikiliza Kamati tu. Tafadhali nijibu upesi kwamba pasiguswe.