Basi la Chai la Kibondo

Jumanne, 5 Julai 1977
Basi limefika! Kibondo nzima imetoka kulitazama. Nimelinunua Kasulu kwa bei ya ng'ombe wa mke wangu Pelagia, yule aliyepewa na baba yake. Kulivuta kwa lori kumekula zaidi ya bei yenyewe. Hilo sikumwambia. Injini halina. Hoteli ya chai inataka injini ya nini? Walioniuliza nimewajibu ipo, nzima, ya Kijerumani, naipumzisha. Pelagia kasema ng'ombe wake arudi kabla ya mvua, la sivyo yeye anarudi kwao Heru Juu. Arudi mmoja? Watarudi watatu!

Alhamisi, 7 Julai
Sabasaba. Nimeliegesha juu ya mteremko, mawe chini ya magurudumu. Alfajiri likajaa. Kumbe wote abiria wa Kasulu! Wamekimbia baridi, wanangoja niwashe gari. Bibi mmoja mwenye kuku kanitukana kwa Kiha hadi saa nne, eti nawachelewesha. Vikombe nilivyouza: viwili. Kimoja nilikunywa mimi. Abbasi, mwenye mgahawa kule chini, akapaza sauti: "Mjomba Bazilio, chai yako inafika Kasulu saa ngapi?" Mshenzi.

Ijumaa, 8 Julai
Bwana afya kasema hoteli bila choo haifunguliwi. Nikamuuliza basi gani Tanzania lina choo. Akaniuliza basi gani Tanzania linauza maharage. Nimechimba choo. Mgongo umekufa.

Jumapili, 10 Julai
Leo pilau, kumkomesha Abbasi! Watu wametoka misa na njaa zao. Mafiga nilikuwa nayo mawili, sufuria kubwa. La tatu nikalitoa chini ya gurudumu. Saa tisa pilau ikaiva, na basi likaondoka. Na wateja, na sahani! Nikalikimbiza, nikaruka ndani, nikashika usukani. Tumelipita kanisa kama risasi. Tumesimama jikoni kwa Abbasi. Ukuta wake wa mabanzi chali. Hakuna aliyeumia, ila pilau. Polisi wamenikamata: Jumapili baada ya saa nane hairuhusiwi kuendesha gari, serikali inabana mafuta.

Jumatatu, 11 Julai
Kituoni. Afande mtu mwema. Kasema, "Mzee, kama halina injini hukuendesha kitu. Sema tu, uende zako." Dirishani Kibondo nzima, Abbasi mbele. Pelagia anatikisa kichwa: sema halina, sema halina! Nikasimama wima. Nikasema injini ipo, na nilikuwa gia ya nne. Watu wakapiga makofi! Nimepigwa faini. Leseni ya udereva sina, faini ya pili. Abbasi kazilipa zote, ukuta kanisamehe, basi kachukua.

Jumapili, 2 Oktoba
Basi limebaki pale pale lilipokwama, Abbasi anauzia chai humo. Mabasi ya kweli yanashusha watu mlangoni. Linajaa! Mpishi ni Pelagia. Jana kwa mshahara wake kanunua ng'ombe, mtamba mweusi, mzuri. Nimempongeza. Bila akili yangu angepata wapi kazi?

Kuna mtu kule Gwarama anauza trekta. Kiti kimoja, kirefu, cha chuma: nitafungua duka la kinyozi! Magurudumu halina, kwa hiyo halitateremka popote. Anataka mtamba mmoja tu. Pelagia yuko kazini mpaka jioni. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kamba.