Agosti, Paris Hawapo

Jumatatu, 5 Agosti 1974. London.

Leo nimepata akili. Kamati ya kuunganisha kompyuta za nchi zetu itachagua njia moja ya kukatakata ujumbe vipande na kuusafirisha: yangu, au ya yule Kerbrat wa Paris. Atakayetangulia kuonyesha njia yake inafanya kazi kati ya nchi mbili ndiye atakayekwenda California kuieleza. Na Wafaransa? Agosti nzima wako pwani, wamelala kifudifudi. Nitajaribu peke yangu, bila bughudha. Nimemwambia mke wangu Maureen tusahau likizo ya pwani kule Bournemouth, mwaka huu ni California. Kasema atafunga sanduku akiiona tiketi.

Alhamisi, 8 Agosti.

Nimetuma ujumbe Paris. Kimya. Nimetuma tena. Kimya. Nikapiga simu, akapokea bawabu. Eti wote likizo, kompyuta wameizima, na yeye mwenyewe anaondoka kesho.

Kumbe ili nchi mbili ziongee, lazima ya pili iwe macho. Hilo sikulipigia hesabu. Wamarekani nao wanasema laini yao imejaa mpaka Oktoba.

Jumatano, 14 Agosti.

Mpango mpya. Huenda Mfaransa mmoja akapita kazini na kuiwasha. Basi nimeifundisha kompyuta yangu kujibu hata kwa njia ya Kerbrat, usiku na mchana. Akituma chochote tu, namdaka, najaribu yangu. Bosi, Bibi Lomax, kaniuliza kama nina hakika ya kumfungulia mshindani mlango. Nikamwambia, mama, huo ni mtego. Akasema haya.

Jumatatu, 26 Agosti.

Sikukuu. Maureen kaenda Bournemouth na dada yake. Kaniachia pai kubwa, kasema niwasalimie watu wa California. Mvua. Paris kimya.

Jumanne, 3 Septemba.

Jana sikwenda kazini. Tumbo. Ile pai nimeila wiki nzima.

Leo nimekuta watu wanapongezana. Kerbrat karudi jana, kaiwasha kompyuta yake, katuma ujumbe, na yangu, kwa adabu zote, ikamjibu. Nchi mbili! Kashinda kwa mashine yangu. Kisha kanipigia simu kunishukuru. Eti Desmond, ndugu yangu, nani mwingine angetungoja Agosti nzima? Eti atanitaja California.

Jumatano, 4 Septemba.

Nimelia kidogo, nimemaliza. Nimejichunguza kwa makini. Mpango haukuwa na kasoro, ni mwezi tu niliokosea. Mwakani kuna jamaa wa Norway, Tveiten, naye ana njia yake. Nasikia Julai nzima Norway hakuna anayebaki kazini.

Nimemwambia Maureen asipange chochote Julai.