Simu Niliyoahidi Kupiga Kutoka Angani

Jumatatu, 3 Juni

Dada ametuma tiketi za ndege. Ya Mama na yangu. Amejifungua, anataka Mama akamwone mjukuu, na Mama hawezi kusafiri peke yake. Alieleza bila kuzunguka kwamba mimi ni mzigo wa lazima. Sikujali. Ndege! Miaka yote nimekaa pale konani nikifungua simu za watu, na kila asubuhi ndege inapita juu ya kichwa changu, ikiwa chini kiasi kwamba bisibisi zinacheza mezani. Ijumaa nitakuwa ndani yake.

Nikaenda kutangaza. Injinia, fundi wa meza ya pili, akasema simu ikifika huko juu inageuka tofali, haishiki mtandao. (Hana uinjinia wowote. Alijibandika jina siku aliyonunua miwani.) Wateja wakamsikiliza. Nikauliza: kama simu haifanyi kazi angani, mbona wanakataza watu kuitumia? Nani anahangaika kukataza kisichowezekana? Muuza viatu akakubali kwamba hapo kuna hoja. Nikanogewa. Nikaahidi mbele ya wote kwamba Ijumaa ndege ikipita juu ya kona nitampigia Injinia, naye ataweka spika, kona nzima inisikie nikiongea kutoka mawinguni.

Injinia akauliza, je nisipopiga? Nikajibu nitahama kona.

Sijui kilichonituma kusema vile. Kona ndiyo kila kitu. Anayeshuka basi pale kituoni huiona meza yangu kabla ya nyingine yoyote. Nyuma ya ukuta, ambako nafasi iko wazi tangu zamani, unatengeneza simu za watu waliopotea njia.

Jumanne, 4 Juni

Uchunguzi. Nilimhoji jirani, dereva wa teksi ya uwanja wa ndege. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda, ila amebeba waliopanda. Anasema kabla ya kuruka mhudumu hupita kiti kwa kiti. Simu izimwe au iwekwe kwenye hali ya ndegeni. Akiona kile kialama cha ndege juu ya skrini, anapita zake.

Kialama! Hicho tu!

Nilifunga kazi mapema. Nikaweka simu kwenye hali ya ndegeni, nikaipiga picha skrini, kisha nikairudisha kwenye hali ya kawaida. Ile picha nikaiweka iwe ndiyo sura ya simu. Matokeo: ukiitazama, kindege kipo. Ukiipigia, inaita. Sijui kama kuna fundi mwingine duniani aliyewahi kufikiria hili.

Nilimwonyesha mke wangu. Aliitazama kwa muda, akasema kuna kitu hakijakaa sawa ila hajui ni nini. Nikamkumbusha kwamba yeye ni mshonaji.

Alhamisi, 6 Juni

Tatizo ni Mama. Kabla ya kustaafu alikuwa msimamizi wa mitihani. Anaweza kunusa karatasi ya majibu ndani ya soksi. Leo ameniuliza mbele ya mke wangu kwa nini natabasamu peke yangu. Nikasema ni furaha ya kuwa mjomba. Akasema mjomba hatabasamu upande mmoja.

Nimefungasha pawabenki niliyoiunda mwenyewe kutokana na betri za kompyuta kuukuu. Ina ukubwa wa buti, nimeizungushia utepe mweusi wa plastiki, nyaya mbili zinachungulia. Chaji yake haiishi leo wala kesho. Nimeiweka kwenye sanduku kubwa, chini ya magauni ya Mama, isije ikaibiwa.

Ijumaa, 7 Juni, asubuhi

Naandika nikiwa kwenye benchi la uwanja wa ndege. Sakafu inang'aa hadi najiona nyayo. Milango inajifungua yenyewe, bila hata kukuuliza wewe ni nani. Nimepita mara kadhaa kuhakikisha. Nje ya kioo ndege imesimama. Nilidhani naijua. Siijui. Kutoka konani tunaona tumbo tu. Injini moja peke yake inameza meza yangu, meza ya Injinia na muuza viatu na viatu vyake. Nimesimama mbele ya kioo mpaka Mama akaja kunivuta shati.

Kisha spika ikataja jina langu. Jengo zima! Nilinyoosha shati. Nikadhani wanawaita mafundi.

Kwenye chumba nilikoitwa walikuwepo askari wa ukaguzi, na pawabenki yangu juu ya meza peke yake, kama mgonjwa. Waliniuliza nimeitengeneza mimi? Nikakiri kwa unyenyekevu. Wakaitana, wakaja wengine kuiangalia. Sijawahi kuheshimiwa hivyo kazini. Mkubwa wao akanieleza kwamba betri kama hizo haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, kwa sababu zikishika moto kule chini hakuna mtu wa kuziona. Pawabenki za dukani abiria huzishika mkononi. Hii yangu haiendi chini wala juu. Walibaki nayo. Nadhani wataifanyia utafiti.

Mama aliulizwa kama ananifahamu. Alichelewa kujibu.

Ijumaa, 7 Juni, jioni. Kwa Dada

Nianze na yaliyo rahisi.

Tuliketi, Mama katikati, mimi dirishani. Mhudumu akatangaza kuhusu mikanda, viti, na vifaa vya umeme. Watu wakatoa simu zao, wakabonyeza, wakazirudisha mfukoni kwa utii wa kushangaza. Mimi nikaweka yangu gotini, kindege kikionekana, na kidole juu ya namba ya Injinia. Mhudumu akafika. Akatupa jicho. Akapita!

Hapo ndipo Mama alipomshika mkono.

"Binti, rudi," akasema. "Huyu ni mwanangu wa kumzaa, na hajazima. Angekuwa amezima, asingekaa vizuri hivi."

Mhudumu akarudi, akainama, akaitazama simu kwa makini. Akatabasamu. Nikatabasamu. Upande mmoja, nahisi.

"Kaka, simu yako ina saa mbili," akasema. "Ya juu ni ya sasa hivi. Ya chini ni ya Jumanne jioni."

Mke wangu ni mshonaji. Huona pindo linapopinda. Sitamwambia.

Mhudumu hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Alieleza polepole kwamba simu iliyo hai hutafuta mtandao kwa nguvu, na mkoromo wake unaweza kuingia kwenye vipokea sauti vya marubani wakati uleule wanaposikiliza maelekezo kutoka chini. Mkoromo huo naufahamu. Redio yangu pale konani hukoroma kila simu ya mteja inapotaka kulia. Kwa hiyo nilimwelewa kabisa, kuliko abiria wote. Nikaamua anazungumzia simu mbovu. Lakini alisubiri pale pale hadi nikabonyeza kweli, na Mama akakagua, kisha akaikagua tena kama karatasi ya majibu.

Ndege ikageuka, ikasimama, ikavuta pumzi. Halafu ikakimbia.

Sasa hapa sina ufundi wa kueleza. Mgongo wangu ulibanwa kitini na mkono nisiouona. Ardhi ikaachia. Hakuna aliyepiga kelele! Mzee wa kiti cha mbele alikuwa akisoma gazeti! Nikagandisha paji la uso kwenye dirisha nitafute kona. Nilijua tunapita juu yake, nilijua wamesimama pale chini shingo zimepinda, Injinia ameshika simu. Sikuiona. Nilichokiona ni bodi ya simu. Mji wote ni bodi! Barabara ni zile njia nyembamba za shaba, mapaa ya bati yameganda kama matone ya risasi ya kulehemu, magari yanatembea kwenye njia moja moja bila kugusana. Maisha yangu yote nimechungulia bodi kwa lenzi, sikuwahi kujua kwamba ninakaa ndani ya moja. Na kona ni tone mojawapo. Usingeweza kuligusa kwa ncha ya bisibisi.

Kisha weupe. Kisha tukautoboa, na mawingu yakawa chini.

Nimejaribu kuandika sentensi inayofuata mara nyingi. Mawingu yalikuwa chini. Yana sehemu ya juu! Yana vilima na mabonde, na jua limeyalalia kana kwamba hakuna mvua iliyowahi kuwepo. Kule nyumbani kulikuwa na asubuhi ya kijivu, watu wanalalamika, na hapa juu mwanga umejaa tele na hakuna hata mtu wa kuutumia. Mama alijiinamisha juu yangu kuangalia. Alinishika goti.

Simu niliikumbuka muda mrefu baadaye. Mama alipofumba macho niliizima ile hali ya ndegeni chini ya shati. Hakuna mtandao. Nikaiinua kwenye kioo. Hakuna. Ikapata moto, ikamaliza chaji karibu yote, na mzee wa gazeti akageuka kuniangalia kama mtu anayemjua Mama. Nikairudisha.

Tulipotua nilikimbilia chooni, pale mizigo inapopokelewa. Kuna mashine ya kukaushia mikono inayonguruma vizuri sana. Nikaiwasha. Nikampigia Injinia.

Akapokea. Alikuwa ameweka spika, nilisikia kona yote. Akasema ndege imepita tangu asubuhi, simu hakuna, wanataka kujua nihamishiwe meza lini. Nikamwambia, huku mashine ikinguruma, kwamba ndege imezunguka na sasa niko juu kabisa. Akauliza kukoje. Nikaanza kudanganya, nikashindwa, kwa sababu ya kweli yalikuwa mengi kuliko ya uongo. Nikawaeleza bodi. Nikawaeleza mji unavyokaa ndani yake, na kwamba sikuweza kuwaona, hata mmoja. Nikawaeleza weupe na kuutoboa. Kona ilinyamaza. Sijawahi kuisikia ile kona ikinyamaza.

Nyuma yangu mwanaume mmoja akanigusa bega, akauliza kwa sauti ya kutosha spika mbili kama nimemaliza kukausha mikono, maana foleni ya chooni imefika mlangoni.

Muuza viatu alianza kucheka. Akafuatia kila mtu. Nikangoja Injinia aseme lake.

"Waache wakaushe mikono yao," akasema. "Wewe endelea. Mawingu kwa juu yakoje?"

Nikaendelea. Wale wa foleni walisikiliza pia. Yule mwanaume alikausha mikono yake kwenye suruali ili mashine isinipigie kelele. Nilizungumza mpaka simu ikazima yenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Mjukuu ni mdogo na mwekundu. Nimemweleza habari za mawingu. Alilala. Dada anasema Mama ameshamsimulia yote, na kwamba pawabenki yangu ilifanya magauni ya Mama yakaguliwe moja moja mbele ya wageni. Nimetengeneza redio ya Dada kama fidia. Sasa inakoroma.

Nimepata ujumbe kutoka kwa Injinia. Meza yangu wameihamishia nyuma ya ukuta. Waliibeba taratibu, hakuna kilichovunjika. Bango langu wamelisimika vizuri ingawa hakuna wa kulisoma.

Alhamisi, 13 Juni

Tumerudi. Mama aliomba kiti cha mbali nami, wakampa. Mhudumu tofauti, sheria zilezile. Nilibonyeza kabla hajafika. Si utii. Nilitaka kutazama dirishani bila usumbufu.

Mawingu yalikuwepo tena. Nilikuwa na wasiwasi kwamba yale ya kwanza yalikuwa ya siku ile tu.

Jumamosi, 15 Juni

Nyuma ya ukuta. Kivuli kizuri, wateja hakuna. Aliyefika asubuhi alikuwa amepotea njia kweli. Hata hivyo watu wanakuja, mmoja mmoja, hawana simu mbovu. Wanataka kusikia. Muuza viatu amekuja mara mbili, na kila mara anataka sehemu ya kutoboa.

Jioni akaja Injinia mwenyewe. Alivua miwani, akaifuta, akauliza kama ndege inapoachia ardhi mtu huogopa. Nikamjibu ni jambo dogo tu kwa sisi tuliozoea. Ndege ya jioni ikapita, na sote tukainua vichwa hadi ikapotea.

Na hapo, nikiitazama, nikagundua nilipokosea! Mtandao upo kule juu, lazima upo, hakuna hata ukuta wa kuuzuia. Kilichozuia ni dirisha. Lilikuwa limefungwa! Safari nzima hakuna abiria aliyefungua lake, na mimi kwa mshangao sikukumbuka kuomba. Nimemweleza Injinia wazi kwamba siku nikipanda tena nitamwomba mhudumu, kwa adabu, anifungulie kidogo tu, upana wa simu. Asipoipata simu yangu siku hiyo, na hii nafasi ya nyuma ya ukuta aichukue.

Tumepeana mikono.