Uzinduzi wa Tume ya Sarafu Zisizoshikika

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa gavana, ambaye tumeambiwa yuko njiani, waheshimiwa viongozi wa Mbau, na wale wa Pundanhar ambao gari lao limenasa, mashehe wetu, kina mama wauza samaki wa bandarini, na zaidi ya wote ndugu Chamsudine, wakala wa sarafu za mtandaoni, aliyetununulia maji haya tunayokunywa: asalamu aleikumu, bom dia. (Makofi machache.)

Mimi, Cândido, Mkurugenzi wa Tume ya Muda ya Kudumu ya Kujenga Uaminifu na Kuzingatia Kanuni, nina furaha ambayo bajeti haikuitarajia. Sarafu hizi, ndugu zangu, hazishikiki wala hazionekani, ila kuisha zinaisha, na ndiyo maana, kwa mkakati jumuishi, shirikishi na endelevu, nilioubuni mwenyewe nikiwa likizoni, tumeamua kila wakala awe na licença, yaani leseni, ukutani. Tangu hapo uaminifu umepanda kwa asilimia mia moja na kumi na nne. (Mtu anakohoa.)

Naona mama Siwema amesimama tena. ("Mheshimiwa, mie niliuza friza yangu ya samaki, hela nikampa huyo Chamsudine aniwekee sarafu. Sasa nikimpigia hapokei. Ofisi yenu ya malalamiko iko wapi?") Swali zuri, mama, na tumelipokea katika ngazi husika. Haraka haraka haina baraka. Kwa mujibu wa kanuni, malalamiko hupokelewa na ofisi, ofisi hufunguliwa na tume, na tume huundwa pale wateja wenyewe wanapothibitisha kwa saini kwamba hawana malalamiko. (Miguno.)

Na mmeshathibitisha. Ile orodha mliyotia saini mlangoni, mkidhani ni ya wali wa mchana, ndiyo hati yenu ya kumwamini ndugu Chamsudine. (Viti vinasogezwa. Mama Siwema anaichukua orodha mezani.) Tulieni, wali wenyewe haujapikwa.

Uaminifu, oyee. Kanuni, oyee. ("Oyee," anaitikia Chamsudine peke yake.)

Nawashukuru kwa subira yenu. Namshukuru na mwenye turubai hili la kuazima, ambalo ndilo ofisi yote tuliyo nayo, maana tume yenyewe haijawahi kuwepo, ilikuwa ikisubiri orodha hiyo tu. Kwa hiyo mama Siwema, tafadhali, irudishe mezani. (Siwema anaikunja, anaifunga kwenye pindo la kanga.) Mama Siwema, hiyo ndiyo nakala pekee.

("Na friza yangu ilikuwa moja tu.") (Makofi marefu.)