Ukumbi Uliofunikwa na Theluji

...na ndiyo maana, kama nilivyokuwa nikisema kabla ya ile kengele kunikatiza, mwanamume aliyetoka kuoa hawezi kusema uongo: furaha imemjaa mpaka kooni, uongo upite wapi? Basi nianze upya, kwa kufuata itifaki. Mheshimiwa Mchungaji Mkuu wa Chuo cha Eastbrook, ambaye mafua yamemzuia kuwapo. Waheshimiwa Wadhamini, ambao theluji imewazuia kuwapo. Waheshimiwa maprofesa wetu wote wawili, wa Kigiriki na wa hesabu, ambao wametoka nje mara moja tangu niliposimama. Wanafunzi wapendwa wa mwaka wa kwanza mpaka wa nne. Na zaidi ya wote wewe, uliyeketi benchi la nyuma karibu na mlango na kofia yako ya buluu, Lovisa wangu, bibi harusi wangu, jua langu la Januari! (Miluzi. Sauti: "Bibi harusi hoyee!")

Mimi, Erastus Pettingill, Msimamizi wa Meza ya Chuo, nimepokea taarifa kwamba jana mliweka mikono juu ya Biblia mkaapa kutotia tena kinywani chakula cha chuo, na kwamba asubuhi hii, mkitoka humu kanisani, mtafunga masanduku mrudi makwenu, kwa sababu ya kile mnachokiita, kwa lugha isiyo ya kitaaluma, samaki wa chumvi anayenuka na siagi yenye nywele. Sasa tutafakari kwa kina. Ninyi mkienda, chuo kinafungwa. Chuo kikifungwa, mimi si msimamizi. Na nisipokuwa msimamizi, ile nyumba nyeupe ya chuo, ambayo Lovisa ametundika mapazia kwa vidole vyake mwenyewe huku akiimba, tutanyang'anywa, turudi kulala darini kwa baba mkwe, kati ya vitunguu. Kwa hiyo, ndugu zangu, hili ni suala la kitaifa. (Viatu vinakwaruza sakafu, benchi baada ya benchi, mpaka madirisha yanatetemeka.)

Asanteni! Asanteni sana! Nilikotoka mimi, huko bandarini, watu hupiga makofi, lakini ninyi mnashangilia kwa visigino! (Kukwaruza kunazidi.) Na kwa kuwa mnanisihi niendelee, nitaendelea kwa kirefu.

(Asahel Wooster wa mwaka wa nne, kaka yake Lovisa na kinara wa kiapo, anasimama: "Shemeji, hapa kwetu anayekwaruziwa ni mtu anayetakiwa anyamaze!")

Hahaa! Mnamwona shemeji yangu? Utani huo! Kaa, shemeji, utachoka. Nasema hivi: uongozi wangu, kwa kushirikiana na wadau, umebuni Programu Kabambe ya Uboreshaji wa Maakuli, yenye mkakati, yenye kamati, na kamati ya kuisimamia kamati, ambapo upembuzi yakinifu umebaini kuwa asilimia tisini ya manung'uniko ya mwanafunzi yanatoka tumboni, na asilimia ishirini iliyobaki ni kukosa mke. (Kicheko. Sauti: "Profesa wa hesabu arudi!") Matokeo ya programu hiyo ni Ukumbi Mpya wa Kulia, wenye majiko ya chuma pande zote, meza zisizoyumba, maharage yaliyopikwa na nyama ya nguruwe usiku kucha, mkate wa moto, pai ya tufaha kila siku, hata Jumapili, na madirisha yanayotazama machweo, maana mtu akila huku anatazama machweo humkumbuka ampendaye, na akimkumbuka hawezi kurusha biskuti. (Biskuti inarushwa. Inagonga mimbari, haivunjiki.)

(Asahel: "Shemeji, huo ukumbi uko wapi?")

Swali zuri sana! Uko upande wa magharibi wa uwanja.

("Upande huo tumepita sasa hivi. Hakuna kitu!")

Theluji, kijana! Theluji imeufunika!

("Ukumbi mzima? Na bomba la moshi?")

Ni ukumbi mnyenyekevu. (Kicheko, kisha kukwaruza kukubwa kuliko kote. Wengine wanasimama na kuvaa makoti. Lovisa amefunika uso kwa mikono miwili, mabega yanamtikisika.) Tazameni, mke wangu analia kwa fahari!

(Lovisa anasimama, anafuta machozi ya kicheko: "Erastus, mume wangu, nakupenda kufa, lakini watoto wa watu wana njaa. Vijana! Mtatembea kwenye theluji hii na matumbo matupu mpaka wapi? Njooni kwangu. Nina unga wa mahindi, nina mafuta ya nguruwe, na mama amenipa mtungi mzima wa shira ya mepo, ule utomvu mtamu wa mti unaochemshwa."

Asahel: "Dada, sisi tumekula kiapo. Chakula cha chuo hatukigusi."

"Nani kakwambia cha chuo? Unga wangu, jiko langu, mtungi wangu wa harusi. Na kesho mtakuja tena, ila mje na kuni. Wewe Asahel, huwezi hata kufunga sanduku bila mimi kulikalia. Twende!"

"Chapati za maji?"

"Za maji, na shira juu."

Kelele za shangwe. Wanafunzi wote wanamfuata Lovisa. Mlango unabaki wazi, theluji inaingia.)

Hamasa iliyoje! Mmeinuka wote kwa pamoja! Basi nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili wa Ukumbi, ambao tutaanza kuwatafuta mara utakapokamilika. Namshukuru fundi mkuu, yeyote atakayekuwa. Namshukuru mwenye kile kiwanja cha magharibi, ambaye kondoo wake wanalala pale mpaka leo kwa kuwa amekataa katakata kutuuzia. Na namshukuru mchoraji wa ramani, ambaye ni mimi, ingawa nilipokaa kuuchora Ukumbi mkono wangu ulichora uso wa Lovisa, nao nikauacha hivyo hivyo, kwani ningeuboreshaje? Ukumbi juu! (Kimya.) Maakuli juu zaidi! (Kimya.) Ndoa hoyee! (Kutoka mbali, ng'ambo ya uwanja, vicheko, na harufu ya mahindi yanayokaangwa.)

Nasikia mmeitikia. Masanduku hayakufungwa, na mapazia yetu yamesalimika. Kwa kuwa bado nina kurasa kadhaa, na kwa kuwa kiongozi bora huwafuata wananchi walipo, natangaza rasmi kwamba nitafanya ziara ya kikazi kuwatembelea huko mliko, yaani nyumbani kwangu, kuionja programu hii kwa kinywa changu mwenyewe na kumbusu mpishi mkuu mbele ya kamati zote, kabla ya mwezi huu kwisha.