Konokono Anaelekea Kajiado

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mwalimu Elphas wa ngumbaru alisema niandike kila siku. Leo iko na la kuandika!

Binti yangu Evalyne amejifungua jana huko Kajiado. Msichana! Saa saba mchana. Habari imeletwa na Khalif wa mbuzi, anayepita na lori lake kila siku, na ameileta pamoja na fitina. Syokau, mama yake Mwololo, bwana wa Evalyne, anataka mtoto aitwe Mumbua, wa mvua, kwa sababu kulikuwa kunanyesha. Mvua hii inanyesha tangu mwezi wa kumi! Basi Kenya nzima iitwe Mumbua? Msichana wa kwanza alichukua jina la Syokau, nikanyamaza. Wa pili ni wangu. Ataitwa Nthenya kama mimi, wa mchana, na mchana ndio amezaliwa. Maneno yameisha.

Jina linatolewa Jumamosi. Nyanya anayemshika mtoto ndiye anatoa. Nisipofika, atamshika Syokau.

Shida ni malazi. Kwetu Ukambani mama mkwe halali chini ya bati la mkwe wake. Ni aibu. Na kwa Syokau silali hata nikifa. Anatia chumvi kwa chai.

Lakini niko na akili. Jirani yangu Ishmael, fundi, aliachiwa gari na wazungu fulani. Ndani iko na kitanda, jiko, sinki, hata bafu. Nyumba ya magurudumu! Nitaiegesha kwa uwanja wa Mwololo, nilale kwangu. Ishmael amesema anataka kuijaribu kwanza. Nimemwambia Kajiado ndio kuijaribu.

Jumanne, 4 Novemba

Tumetoka Kitengela asubuhi. Kajiado ni saa moja tu, nikamwambia Ishmael asibebe hata sweta.

Mvua! Waipa za kioo zimekufa kabla hatujamaliza uji. Nimezifunga kamba, moja dirisha langu, moja dirisha lake. Mimi navuta, yeye anavuta. Tumeenda vizuri mpaka tukakosana. Anasema nilivuta zamu yake.

Kupita Isinya, maji yamekata barabara ya lami. Malori yamesimama, watu wamekaa tu kama kondoo. Nimemwambia Ishmael tuzunguke kwa nyasi. Mzee mmoja wa ng'ombe, Parsaoti, amekuja mbio na fimbo yake. Akanisalimia kwa Kimaasai: Yieyo, takwenya! Nikaitikia kama wao, iko! Akasema huo udongo mweusi unameza. Nikamwambia nilikuwa nakanyaga matope kabla yeye hajatahiriwa. Ishmael akaomba tumsikilize mzee. Nikasema songa.

Hatua ishirini. Gari limekaa chini kama kuku anayeatamia.

Baada ya saa moja maji yakapungua. Malori yote yamepita, na la Khalif. Amepunguza mwendo akaniita nipande, iko nafasi kati ya mbuzi. Nimekataa. Nikifika bila nyumba nitalala wapi, kwa mbuzi?

Jumatano, 5 Novemba

Dari linavuja. Sufuria ya kwanza imejaa, ya pili imejaa. Gesi imekataa kuwaka, nikawasha jiko la makaa ndani tukaushe godoro. Ishmael akasema moshi utatuua. Nikamwambia nyanya yangu aliishi miaka tisini ndani ya moshi. Baadaye kidogo tulikuwa nje wote wawili, kwa mvua, tukikohoa kama ng'ombe wagonjwa.

Unga wa wimbi wa Evalyne nilikuwa nimeuficha bafuni, mahali pakavu kabisa. Kuna chuma ukutani chenye mdomo kama ua. Nikakivuta nione ni cha nini. Maji! Gari zima, kitu kimoja tu kinafanya kazi, na ni hicho. Uji umeiva kabla ya moto.

Khalif amepita na salamu za Syokau. Anasema wamwambie konokono asiharakishe, jina wataliweka tu bila yeye. Konokono! Nimejibu kwamba konokono analala kwake, yeye Syokau analala kwa mwanawe. Khalif amesema hatapeleka hiyo. Nimemwita mwoga.

Alhamisi, 6 Novemba

Bado hapa. Mke wa Parsaoti ametuletea maziwa kwa kibuyu, yeye mwenyewe amelowa, mtoto mgongoni. Sijaona mtoto mnono hivyo! Nimempa leso yangu mpya, nikamwambia kuanzia leo ni binti yangu, na Parsaoti akimkosea aje Kitengela nitamshughulikia. Parsaoti alikuwa amesimama hapo hapo. Amecheka.

Halafu ameingia kuangalia gari. Amefungua kabati, amekaa kitandani, amegonga sinki. Akasema Wamaasai wanahama tangu zamani, lakini hawajawahi kufikiria kubeba sinki.

Khalif amepita tena. Mbuzi wamesogea, nafasi iko. Nimekataa. Ishmael alikuwa ameshaweka mguu mmoja juu ya lori. Nimemvuta.

Ijumaa, 7 Novemba

Parsaoti amekuja na punda kumi na kamba. Amesema tukate matawi tuweke chini ya magurudumu, halafu ninyamaze. Nimeweza ya matawi. Nimepiga kelele punda wavute, kwa Kikamba, nao ni punda wa Kimaasai, wakarudi nyuma. Ishmael amenishika mkono akanipeleka kando kama mtoto. Tukiwa kando, gari likatoka.

Ng'ombe wa Parsaoti nimewaombea baraka mmoja mmoja.

Tumefika Kajiado jua linatua. Kitanda, blanketi, godoro, nguo, vyote maji. Mwololo amekuja kunisalimia akiangalia mti wa uwanjani, ndio heshima ya mkwe. Kijana mzuri. Ameuambia ule mti kwamba chai iko tayari, na kwamba Syokau ndiye ameitengeneza. Nimekunywa. Chumvi!

Lakini nimefika. Kesho ni Nthenya.

Jumamosi, 8 Novemba

Jua! Jua kabisa! Syokau ameangalia juu mara kumi kama mtu aliyeachwa na bwana harusi. Nimeanika godoro na blanketi kwa kamba, nikatembea uwanjani polepole ili anione vizuri.

Akina mama wamejaa. Evalyne ametoka, amenenepa uso, binti yangu. Ameniwekea mtoto mikononi. Mdogo hivi! Kidole kimoja amekishika hataki kuachilia. Machozi yakanijaa. Watu wakasogea wasikie. Sheria ni moja: ukishampokea, neno la kwanza ndilo jina.

Nikafungua mdomo.

Tone likanipiga puani. Nikainua macho, wingu hilo, na godoro langu kwa kamba, ndio kwanza limeanza kukauka, siku ya nne!

Mbua! Nimepiga kelele. Mbua!

Kwa Kikwetu ni mvua. Kila mwanamke wa Kikamba hupiga kelele hivyo watu waanue nguo. Lakini hakuna aliyekimbilia godoro. Vigelegele! Wa kwanza Syokau, na meno yake yote. Mumbua! Nyanya amesema mwenyewe! Mumbua!

Nimewaambia nilikuwa naongea juu ya godoro. Syokau amejibu kwamba pia hatungemwita Godoro.

Evalyne amecheka mpaka akashika tumbo. Mwololo alikuwa anaangalia mti wake, mabega yanatetemeka.

Godoro limelowa upya.

Jumapili, 9 Novemba

Nimelala kwangu, juu ya viti viwili. Syokau aliniletea blanketi kavu, nami sikusema asante, nikamsogezea kiti. Tumekaa na huyo mtoto katikati mpaka chai ikapoa. Anafanana na Syokau masikio. Nimemwombea yakue yabadilike.

Alipoenda nimemnong'oneza mtoto: Nthenya. Amepiga miayo. Tutaona.

Ishmael anataka kurudi na basi. Nimemwambia akae, atengeneze dari. Binti yangu mdogo yuko Rombo na atajifungua mwezi wa nne, na huko mama wa bwana wake ni mkali kuliko huyu. Ishmael amesema mwezi wa nne ndio masika yenyewe, na kwenda Rombo barabara ni udongo mtupu. Huyo bado hajui gari lake. Mimi nimekaa nalo siku sita, sasa nalijua, na nimefikiria sana tulikosea wapi. Kosa lilikuwa moja: tulikaa sana kwa lami.